Somo: Kucheza Yosakoi kule Kochi bila kuaibishwa na vibao vya naruko

Yosakoi ni tamasha la ngoma za mitaani mjini Kochi, Japani, na kila kiangazi swali ni lile lile: "Naingiaje Yosakoi?" Naandika mara moja. Ukiniuliza tena, nakurudisha hapa.

1. Tafuta timu mapema. Mwezi wa saba umechelewa. Kila timu ina mwisho wa watu 150, na ada yake mara nyingi ni ya vazi.

2. Nenda mazoezini. Yote.

3. Naruko. Ni vibao viwili vya mbao vyenye vigongo vidogo vya kulia, kimoja kila mkono, na kanuni ni kwamba bila hivyo huchezi. Wageni wengi wanaharibikiwa hapa. Usitikise kama kayamba! Mlio unatoka kwenye kifundo cha mkono: unarusha kwa mkato, kisha unasimamisha papo hapo ili vigongo vilie mara moja tu. Mkono ukilegea, vinalia chakachaka katikati ya mdundo, na safu nzima inasikika ovyo kwa sababu yako. Usishike kwa nguvu pia. Kufika jioni kifundo kimekufa ganzi na bado kuna viwanja vya kuzunguka. Fanya polepole mbele ya kioo, bila muziki, ndipo uongeze miguu.

4. Songa mbele. Gari la muziki linatangulia, nanyi mnalifuata mkicheza. Ukisimama, wa nyuma anakukanyaga.

5. Tarehe hazibadiliki: mkesha 9 Agosti, tamasha lenyewe 10 na 11, mashindano ya kitaifa 12.

MASWALI

Mdau_wa_Pwani: Mkuu, naruko ni lazima?
— Hatua ya 3.

Kijana Osaka: Mazoezi sina muda. Siwezi kujichomeka tu nyuma ya timu?
— Huwezi. Wenzako wametoka jasho miezi. Kuna vikundi vinavyopokea watu siku hiyohiyo na kuwafundisha hatua chache, nenda huko.

Bi Mwanaidi: Samahani kaka, kwa nini wakachagua chombo hicho?
— Swali zuri, dada. Naruko ilikuwa ya kufukuzia ndege kwenye mashamba ya mpunga. Mwaka 1954 wafanyabiashara wa Kochi walitaka kuuchangamsha mji baada ya vita, tena majirani zao wa Tokushima walikuwa wanatamba na Awa Odori, tamasha lao la ngoma. Takemasa Eisaku akatunga wimbo, akaingiza naruko humo. Hadi leo muziki wako uwe roki au samba, lazima uwe na kipande cha wimbo ule.

Mzee wa Safu: Nyongeza: chai ya shayiri na kitu cha chumvi. Joto la Kochi lina unyevu, maji matupu hayatoshi.
— Kweli kabisa.

Kijana Osaka: Joto siliwezi. Hakuna kwingine?
— Sapporo, kaskazini kisiwani Hokkaido, mwezi wa sita. Mwanafunzi mmoja aliiona ya Kochi akaanzisha ya kwao 1992, wakachanganya na Soran Bushi, wimbo wa wavuvi wa Hokkaido. Naruko zipo huko pia, kwa hiyo hatua ya 3 haikwepeki.