Charnwood: Kujua Halmashauri Inayokuhusu Ukiishi Pembezoni mwa Leicester

Mtu akihamia Thurmaston, pembezoni mwa jiji la Leicester nchini Uingereza, barua zake huandikwa Leicester, msimbo wake wa posta huanza na LE4 kama wa mwenzake wa Rushey Mead, mtaa ulio ndani ya jiji, na Melton Road inamfikisha katikati ya jiji. Ni rahisi kuamini kwamba mambo yake yote yako mikononi mwa Halmashauri ya Jiji la Leicester, lakini sivyo. Thurmaston, pamoja na Birstall na Syston, iko katika wilaya ya Charnwood, ambayo makao yake makuu yako mji wa Loughborough. Kwa kuwa ndugu wengi kutoka Afrika Mashariki hufikia Leicester kwanza, kisha wakatafuta nyumba pembezoni, mkanganyiko huu huwapotezea muda, na pengine huwakosesha haki zao. Kabla ya kusaini mkataba wa pango, ingiza msimbo wa posta wa nyumba hiyo katika tovuti ya serikali ya gov.uk, nayo itakutajia halmashauri zinazohusika.

Nimeandika "halmashauri" kwa wingi kwa makusudi. Charnwood iliundwa tarehe 1 Aprili 1974, manispaa ya Loughborough ilipounganishwa na Shepshed na vijiji vya jirani, na sensa ya mwaka 2021 ilihesabu humo watu wapatao 184,000. Juu yake iko Halmashauri ya Kaunti ya Leicestershire, yenye makao yake Glenfield, na chini yake, katika sehemu nyingi, kuna mabaraza ya vijiji na miji midogo kama lile la Syston. Jiji la Leicester lenyewe lilijitenga na kaunti mwaka 1997 na hujiendeshea huduma zote, ndiyo maana jibu alilopewa rafiki yako wa Belgrave, ndani ya jiji, huenda lisikufae wewe wa Birstall.

Aliyezoea mfumo wa Tanzania asitafute hapa mkuu wa wilaya aliyeteuliwa na rais, wala aliyetoka Kenya asitafute gavana. Charnwood ina madiwani 52 wanaochaguliwa kila baada ya miaka minne, mara ya mwisho ikiwa Mei 2023. Madiwani hao humchagua kiongozi wa halmashauri, naye huteua wenzake wachache wa kusimamia sekta mbalimbali. Meya wa Charnwood ni mtu wa sherehe na vikao, hana mamlaka ya utendaji, ilhali Leicester ina meya anayechaguliwa moja kwa moja na wananchi na mwenye madaraka kamili. Ukiwa na tatizo la nyumba au takataka, mtu wa kumwandikia ni diwani wa kata yako, na hakuna haja ya kutafuta mtu wa kukutambulisha kwake.

Mgawanyo wa kazi unaonekana vizuri zaidi katika ankara ya kodi ya halmashauri (council tax). Wilaya ndiyo inayoituma na kukusanya fedha, lakini ukisoma mistari yake utaona kwamba sehemu kubwa kabisa ni ya kaunti, kisha kuna fungu la polisi, la zimamoto, la wilaya yenyewe, na mahali penye baraza la kijiji, fungu dogo la baraza hilo. Kaunti hushughulikia nafasi za shule, barabara, maktaba na huduma za wazee na watoto walio hatarini. Wilaya huzoa taka, hutoa vibali vya ujenzi, husimamia nyumba za halmashauri, na hutoa leseni za teksi. Kwa hiyo mzazi wa Thurmaston anayeomba nafasi ya sekondari huomba kwa kaunti, kabla ya tarehe 31 Oktoba, hata kama shule anayoitaka iko ndani ya jiji.

Mtu mzima anayeishi peke yake hupunguziwa kodi hiyo kwa asilimia 25, na nyumba yenye wanafunzi wa chuo wanaosoma muda wote (full-time) pekee husamehewa yote. Hapa nawasihi wenye viza yenye sharti la kutotumia fedha za umma, yaani baadhi ya misaada ya serikali, wawe waangalifu sana. Punguzo la kuishi peke yako halihesabiwi kuwa fedha za umma, lakini msaada wa kodi unaotolewa kwa sababu ya kipato kidogo unahesabiwa, na kuuomba bila haki kunaweza kuharibu maombi yako ya uhamiaji.

Anayepika pilau na sambusa nyumbani kwake kwa kuuza anatakiwa kujisajili kwa halmashauri ya wilaya angalau siku 28 kabla ya kuanza. Usajili ni bure na haukataliwi, na baadaye afisa wa afya huja kukagua jiko.

Kuhusu kura, raia wa Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda wanaoishi huku kihalali wana haki ya kupiga kura, kwa kuwa nchi zao ni za Jumuiya ya Madola. Raia wa Burundi na wa Kongo hawana haki hiyo mpaka wapate uraia unaostahili. Kujiandikisha hufanywa mtandaoni, na kituoni pasipoti yako ya Afrika Mashariki inakubalika kama kitambulisho. Inanisikitisha kuona watu waliolipa kodi kwa miaka mingi hawajaandikwa katika daftari, kwa kudhani kwamba kura ni ya wenye pasipoti ya Uingereza tu.

Mfumo huu wa ngazi mbili huenda usidumu, kwani Desemba 2024 serikali kuu ilitangaza nia ya kuuondoa kote England na kuweka halmashauri moja moja kubwa. Kwa sasa, mwenye malalamiko ayapeleke kwanza kwa halmashauri yenyewe kwa maandishi na kutunza nakala. Asiporidhika na jibu la mwisho, anaweza kwenda bila malipo kwa msuluhishi wa malalamiko ya serikali za mitaa, ambaye kwa kawaida hutaka apelekewe jambo ndani ya miezi 12 tangu mlalamikaji alipolijua.