Jinsi ya kuishi utineja wako wakati kila mtu anakuambia "huu ndio wakati mzuri kuliko wote"

Kama uko kati ya miaka 13 na 19 na unaishi Uganda hii, lazima kuna mtu mzima ashakuambia enjoi sasa maana mbele ni mateso matupu. Anaweza kuwa mjomba, anaweza kuwa mwalimu wa zamu, anaweza kuwa konda wa teksi aliyekuona na yunifomu tu akaamua kukuhubiria. Na wewe unajiangalia: umeamka saa kumi alfajiri kwa ajili ya prepu, yaani kujisomea kabla ya vipindi, chunusi uso mzima, mfukoni huna hata mia tano, unajiuliza kama huu ndio utamu basi uchungu wenyewe utakuwaje banange.

Mimi naona hivi, mnisahihishe mkitaka. Huu ni wakati unaokumbukwa sana kuliko wakati mwingine, lakini kukumbukwa sana hakuufanyi uwe mtamu. Ukishaelewa hapo presha inapungua.

Kitu cha kwanza, muhoji huyo mtu mzima, ila umhoji vizuri. Watu wa saikolojia wameshaona kwamba mtu aliyepita miaka 40 ukimwambia akumbuke maisha yake, rundo kubwa linatoka kwenye umri wa miaka 10 hadi 30, na sababu moja wanayotoa ni kwamba huko ndiko mambo mengi yanatokea mara ya kwanza, kutoka nyumbani mara ya kwanza, kupenda mara ya kwanza, kushika hela yako mwenyewe. Kwa hiyo mzee hakudanganyi, anakuletea tu zile picha zinazong'aa. Ukimuuliza "mzee shule ilikuwaje" utapata hotuba. Uliza vitu vidogo vidogo. Kitanda chako kilikuwa wapi kwenye domitri? Siku ya visitesheni nani alikuja kukuona? Ulishawahi kurudishwa nyumbani kwa ajili ya karo?

Nilimuuliza hivyo jirani mmoja anauza suruali za mitumba hapa Busia, mtu wa maneno mengi, alikuwa ameshaanza kunisifia S3 yake, yaani kidato cha tatu, mpira, dansi za wikendi, sijui wasichana wa shule ya jirani, yaani peponi. Nikamtupia la karo. Akaacha kukunja suruali. Akasema basa, yule mhasibu wa shule, alikuwa anasoma majina ya wasiolipa paredi mbele ya shule nzima, unatoka mstarini wote wakikuangalia, unabeba sanduku lako unaenda barabarani, na yeye alikaa nyumbani wiki kadhaa akipalilia mahindi, kurudi akakuta wenzake washaingia logarithimu washatoka. Hesabu haikumrudia tena, mpaka leo chenji ya mteja anapiga kwa simu. Halafu akaongeza mwenyewe bila kuulizwa, kwamba siku za visitesheni alikuwa anajificha nyuma ya jiko mpaka magari yaondoke, wenzake wasijue kwamba kwao hakuja mtu. Huyo huyo dakika kumi nyuma alikuwa ananiambia ule ndio wakati mzuri kuliko wote! Na sidhani alikuwa anaongopa, vyote viwili vilikuwepo, ila kimoja ndicho huwa kinasimuliwa.

Kwa hiyo ukiwa na wiki mbaya usiongezee mzigo wa pili wa kujiambia "na hii ndiyo ilipaswa kuwa raha yangu". Wiki mbaya ni wiki mbaya basi.

La simu nalisema haraka kwa sababu mnalijua. Yule mwenzako anayecheza TikTok na viatu vipya, viatu pengine si vyake, na hata kama ni vyake amerekodi sekunde kumi na tano za siku nzima. Usipime maisha yako kwa hizo.

Kingine, acha kuogopa kwamba ukifika 20 hujang'ara basi imeisha. Mwangalieni Joshua Cheptegei, mwanariadha wetu wa mbio ndefu, kijana wa Kapchorwa. Mwaka 2014 akiwa na miaka 17 alichukua ubingwa wa dunia wa vijana mita 10,000 kule Eugene, Marekani. Kama utineja ndio kilele, angeishia hapo. Mwaka 2017 akiwa na miaka 20, mbio za nyika za dunia zikaletwa kwetu Kololo, Kampala, akaongoza watu wakipiga kelele mpaka karibu na mwisho mwili ukakataa, akayumba, akapitwa na wengi akamaliza wa 30. Nyumbani kabisa, nchi nzima inaona. Rekodi za dunia za mita 5,000 na 10,000 alikuja kuziweka 2020, dhahabu za Olimpiki Tokyo na Paris zikafuata. Vitu vikubwa vyote vilikuja utineja ukiwa umeshapita.

Na wale waliokaa nyumbani shule zilipofungwa Machi 2020, wengine wakarudi Januari 2022, wengine hawakurudi kabisa, hao tuwaambie nini, kwamba maisha yao bora yaliibiwa na korona? Walipoteza masomo, hilo ni kweli na linauma, lakini wengi leo wanashona, wanaendesha boda, wapo chuo, na kicheko wanacho.

Sasa ya kufanya. Lala. Mwili wa umri huu unataka saa 8 mpaka 10, na usingizi wenyewe unachelewa kuja usiku, kwa hiyo ratiba ya bodingi inakupiga pande zote mbili, basi angalau wikendi na likizo usikeshe na simu halafu useme maisha magumu. Pili, sehemu ya mbele ya ubongo, ile ya kupima mambo, inaendelea kukomaa mpaka kwenye miaka 25 hivi, kwa hiyo jambo lolote lisilorudi nyuma, kuacha shule, kuhamia kwa mtu, kukopa kwa ajili ya kubeti, lilalie kwanza na umwambie mtu mzima mmoja unayemwamini kabla hujalitenda. Tatu, tumia vaki, yaani likizo ndefu. Ile ya baada ya S4 ni ndefu, mitihani inaisha matokeo yanakuja mwaka unaofuata, wengi wanailala yote. Omba kukaa kwenye duka la mtu, saluni, gereji, hata bila mshahara mkubwa, utajua kuongea na mteja anayekasirika, na hicho darasani hakipo.

Kama hali si huzuni ya kawaida, kuna mtu anakupiga, anakushika usivyotaka, au unawaza kujidhuru, usikae nacho. Piga 116, ni laini ya bure ya watoto hapa Uganda, hata kama huna eataimu.

Wazazi na nyinyi mnaosoma kwa kuchungulia, hiyo sentensi ya "enjoi, huu ndio wakati wako" ipumzisheni kidogo. Mtoto akirudi likizo mwache ale kwanza, halafu muulize ni nani anakaa naye mezani, ni mwalimu gani anamwogopa, na ana deni kwenye kantini au hana. Deni akilitaja, lilipe, mengine ataongea mwenyewe.