Namna ya Kusoma Dalili za Mfumo wa Neva Kabla ya Kufika Hospitalini

Mtu anapopatwa na ganzi, udhaifu wa mkono, degedege au kizunguzungu, familia nyingi za Nairobi hufika hospitalini na maelezo ya jumla kwamba mgonjwa ameishiwa na nguvu au kwamba mwili umekataa, na daktari hulazimika kutumia dakika za thamani kuuliza mambo ambayo aliyekuwa nyumbani angeyaona kwa urahisi. Mfumo wa neva una sifa moja inayomfaa sana mtu asiye mtaalamu: kila sehemu yake ina kazi yake na mahali pake, na kwa hiyo dalili yenyewe mara nyingi huonyesha palipoharibika. Ukiweza kujibu maswali matatu, yaani tatizo lilianza kwa kasi gani, liko upande gani wa mwili, na linaishia wapi, utajua kama ni jambo la kukimbiliwa usiku huohuo au la kupelekwa kliniki wiki hii.

Sehemu za kujua

Ubongo wa mtu mzima una uzito wa takriban kilo 1.4, kiasi cha asilimia 2 tu ya mwili wote, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya oksijeni tunayovuta. Hauna akiba ya kutegemea, na ndiyo maana damu ikikatika kwa dakika chache seli zake huanza kufa. Ubongo mkubwa umegawanyika nusu mbili, na nyuzi zinazopeleka amri kwenye misuli huvukana katika shina la ubongo, hivyo nusu ya kulia huamrisha mkono na mguu wa kushoto, na ya kushoto huamrisha wa kulia. Kwa watu wengi lugha iko nusu ya kushoto. Ukiona mkono wa kulia umelegea na mgonjwa hapati maneno, mambo hayo mawili yana chanzo kimoja.

Chini kwa nyuma kuna ubongo mdogo, ambao husawazisha mwendo. Ukiathirika, mgonjwa huyumba kama aliyelewa ingawa misuli yake ina nguvu kamili, na ni jambo la kusikitisha kwamba baadhi ya wagonjwa wa namna hii huachwa kando ya barabara kwa sababu wapita njia wamekwisha kuamua kwamba ni walevi. Shina la ubongo husimamia kupumua, kumeza na mwendo wa macho. Kutoka hapo unashuka ugwe wa uti wa mgongo, yaani kamba nene ya neva, wenye urefu wa takriban sentimita 45, unaolindwa na pingili za mgongo na kuishia karibu na kiuno. Neva za kichwani ni jozi 12, na zinazochomoza kwenye ugwe ni jozi 31. Jeraha la ugwe kwa kawaida huathiri kila kitu kilicho chini yake, mara nyingi pande zote mbili, na hilo hulitofautisha na jeraha la nusu moja ya ubongo.

Pima kasi kwanza

Dalili inayotokea ghafla, kwa sekunde au dakika, kwa kawaida inatokana na mshipa wa damu au na mvurugiko wa umeme wa ubongo. Inayokua kwa saa kadhaa hadi siku chache huashiria maambukizi au uvimbe unaosababishwa na kinga ya mwili. Homa pamoja na kichwa kuuma sana, shingo kukakamaa na macho kuchukia mwanga ni dalili za homa ya uti wa mgongo, na hazingoji asubuhi. Udhaifu unaoanzia miguuni na kupanda siku hadi siku nao ni wa dharura, kwa kuwa unaweza kufikia misuli ya kupumua. Tatizo la miezi mingi, kama mkono unaotetemeka ukiwa umetulia na mwendo unaozidi kuwa wa polepole, linafaa kliniki ya kawaida.

Kuna jambo moja la kuangalia mapema hasa Juni na Julai, baridi inapowafanya watu kuingiza jiko la makaa ndani ya chumba kilichofungwa. Watu kadhaa wa nyumba moja wakiumwa na kichwa na kuchanganyikiwa kwa wakati mmoja, usitafute ugonjwa wa neva wa mtu mmoja mmoja: fungua madirisha, watoe wote nje, kisha wapelekwe hospitalini, kwa sababu hewa ya kaboni monoksidi itokayo kwenye makaa imewanyima oksijeni.

Kiharusi

Hapa ndipo kasi ya familia huamua zaidi. Mkabili mgonjwa na umwambie kwa utulivu, "Nyanya, tabasamu nikuone," na uangalie kama pembe moja ya mdomo imeshuka. Mwombe afumbe macho na anyooshe mikono yote miwili mbele kwa sekunde kumi. Mkono dhaifu utashuka au utapinduka. Kisha mwombe arudie sentensi nyepesi, kwa mfano kwamba kesho tunakwenda sokoni Gikomba, usikilize kama maneno yanaburuzika au hayaeleweki. Dalili moja mpya kati ya hizi inatosha. Kupoteza kuona ghafla, au kupoteza mizani ghafla, pia kunahesabiwa.

Andika saa ambayo mgonjwa alionekana mzima kwa mara ya mwisho. Kama alilala saa nne usiku akiwa mzima na akaamka saa kumi na mbili asubuhi mkono ukiwa umelegea, saa ya kuandika ni saa nne usiku. Sababu ni kwamba dawa ya kuyeyusha bonge la damu hutolewa kwa kawaida ndani ya saa 4.5 tangu dalili zianze, na haitolewi kabla ya skani ya kichwa kuonyesha kwamba mshipa umeziba na haukupasuka. Kwa msingi huohuo usimpe aspirini nyumbani, kwani kama mshipa umepasuka utakuwa umeongeza uvujaji. Usimwongezee kidonge cha shinikizo la damu ili kulishusha haraka. Usimpe chai wala uji, kwa kuwa huenda kumeza kumeharibika na chakula kikaingia kwenye mapafu. Kumkanda kwa mafuta hakumdhuru mgonjwa moja kwa moja, lakini kunakula muda, na huo ndio ubaya wake.

Chagua hospitali yenye mashine ya skani inayofanya kazi saa zote, ukiuliza kwa simu kabla ya kuondoka. Kwa mtu wa Kayole au Kasarani jioni ya msongamano, kituo kilicho karibu kisicho na skani kinaweza kugharimu saa nzima ya rufaa ambayo mgonjwa hana. Jambo hili ni la kuulizia leo, wakati hakuna mgonjwa. Dalili zikitoweka zenyewe baada ya dakika ishirini, nenda vilevile siku hiyohiyo, kwani kiharusi cha kupita mara nyingi hutangulia kikubwa.

Uso ukipinda peke yake, bila mkono wala usemi kuathirika, mwambie mgonjwa akunje paji la uso na afumbe macho kwa nguvu. Kama upande uliopinda hauwezi kukunja paji wala kufumba jicho, kuna uwezekano mkubwa kwamba neva ya uso yenyewe imevimba na ubongo ni mzima. Hali hiyo hutibiwa kwa dawa zinazofanya kazi vizuri zaidi zikianzwa ndani ya saa 72, na wengi hupona. Kama paji linakunjika vizuri na ni mdomo tu ulioshuka, chukulia kwamba ni kiharusi. Uamuzi wa mwisho ni wa daktari kwa hali zote mbili.

Kifafa

Mtu akianguka na kutupa viungo, tazama saa kabla ya jambo lingine lolote. Ondoa vitu vigumu, weka nguo iliyokunjwa chini ya kichwa, legeza tai au kitambaa cha shingoni, na miguu ikitulia mlaze kwa ubavu ili mate yatoke. Usimshike kwa nguvu na usitie kijiko, ufunguo wala kidole mdomoni. Ulimi haumezwi, lakini meno huvunjika na vidole huumwa. Povu haliambukizi, na kondakta anayewaamuru abiria wasimguse anarudia hofu ya zamani isiyo na msingi. Ikipita dakika 5, au degedege la pili likifuata kabla fahamu hazijarudi, au kama ni mara yake ya kwanza, ni mjamzito au ameumia kichwa, aende hospitalini.

Mtu wa pili arekodi video kwa simu, kwa kuwa video ya sekunde thelathini humsaidia daktari kuliko masimulizi ya watu watano. Muhimu ni mwanzo: kichwa kiligeukia wapi, mkono gani ulitangulia kutikisika. Baadhi ya vifafa havina degedege kabisa. Mgonjwa hukodoa macho, hutafunatafuna na hajibu kwa dakika moja hivi. Miongoni mwa visababishi ni jeraha la kuzaliwa, ajali, maambukizi ya ubongo na mayai ya minyoo tegu yanayoingia mwilini kwa mikono au mboga zisizooshwa. Anayetumia dawa asiziache ghafla kwa sababu amekaa muda mrefu bila kuanguka, kwani huenda ni dawa zenyewe zilizomkinga.

Ganzi, mgongo na ajali

Ganzi inayoanzia vidoleni mwa miguu yote miwili na kupanda kama soksi huonyesha kwamba neva ndefu zaidi zimechoka kwanza, na kisukari ndicho chanzo cha kupimwa mapema. Pombe nyingi, virusi vya UKIMWI, dawa ya kifua kikuu iitwayo isoniazidi bila vitamini B6, na dawa ya kisukari iitwayo metfomini, ambayo ikitumiwa miaka mingi hupunguza vitamini B12, ni visababishi vingine. Peleka orodha ya dawa zote, zikiwemo za dukani. Aliyekunywa pombe haramu na macho yakaanza kufifia apelekwe mara moja, kwa sababu methanoli, pombe yenye sumu, huua neva ya macho.

Maumivu ya mgongo yanayoteremka mguuni ni ya kawaida na mengi hutulia. Yakiandamana na mkojo kuziba, haja kubwa kutoka bila kujua, au ganzi kwenye mapaja ya ndani na sehemu za siri, ni dharura ya kukimbiliwa saa ileile. Yakidumu miezi pamoja na homa, kukonda na miguu kulegea, omba kupimwa kifua kikuu cha mgongo.

Katika ajali ya bodaboda, usimwinue majeruhi kwa makwapa. Mshike kichwa kilingane na mwili, mwache na kofia yake ikiwa anapumua, na piga 999 au 112. Mkilazimika kumhamisha, abebwe na watu kadhaa juu ya ubao akiwa amenyooka. Uliza kama anahisi vidole vya miguu na uandike jibu, kwa kuwa daktari atataka kujua kama hali imebadilika njiani. Jijini kuna Hospitali ya Kitaifa ya Rufaa ya Majeraha ya Uti wa Mgongo, lakini aanzie kwanza kwenye chumba cha dharura ili hali yake isizidi kuwa mbaya.

Ukiombwa malipo kabla ya huduma ya dharura, taja kwa heshima Kifungu cha 43(2) cha Katiba ya 2010, kinachosema kwamba mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Unapoondoka, dai nakala ya picha za skani pamoja na ripoti yake, kwa sababu kliniki itakayofuata itazihitaji zote mbili.