Kabla ya kuitisha mkutano wa malaria mtaani

Mwenyekiti wa mtaa akisikia "ushirikishwaji wa jamii", kwanza huitisha mkutano. Watu hukaa juani, bwana afya akahutubia, wakatawanyika. Ngojeni kidogo. Mkitaka masika ya Machi yawakute tayari, Februari anzeni kwa miguu.

Kila mjumbe apite eneo lake na daftari na bakuli jeupe. Anofelesi, mbu wa malaria, hupenda maji yaliyotulia yanayopigwa jua: nyayo za ng'ombe, alama za matairi, mashimo ya wafyatua matofali, mifereji kati ya matuta ya mchicha. Choteni maji, mtulie. Kiluwiluwi kinacholala sambamba na uso wa maji, mithili ya kijiti kinachoelea, ndicho mnachokitafuta. Kile kinachoning'inia kichwa chini ni cha kuleksi, mbu wa vyoo na makaro. Mjini, kero ya usiku kwa sehemu kubwa ni ya huyo kuleksi. Mkazi asipoelezwa hayo mapema, ataona madimbwi yametiwa dawa na bado anaumwa na mbu, atasema dawa ni feki. Wiki ijayo hakufungulii geti.

Geti lenyewe lina kisa chake. Katika mradi wa kudhibiti malaria Dar es Salaam ulioanza 2004, wakazi ndio walioajiriwa kusaka mazalia na kutia dawa ya kibiolojia, yaani ya bakteria wanaoua viluwiluwi majini. Kazi yao ilipokaguliwa, ilibainika kwamba mazalia mengi yalipitwa, hasa kwenye nyumba zenye uzio. Basi chagueni watu wanaofahamika hapo hapo (si mpwa wa kiongozi anayetafutiwa kibarua), wawe na kitambulisho na barua ya mtendaji.

Kabla ya kutaja neno "kufukia", kaeni na wafyatua matofali na wakulima wa mchicha. Maji hayo ndiyo riziki yao. Ukimwamuru mtu afukie shimo linalomlisha, ataitikia "sawa" na shimo litabaki. Mfyatua tofali anaweza kukubali udongo usiofaa wa shimo jipya uingie shimo la zamani. Mkulima anaweza kukubali kukausha mifereji siku moja kwa wiki. Masharti hayo wayataje wao.

Halafu hesabu. Yai hufika kuwa mbu kamili kwa siku 7 hadi 14, na dawa ya kibiolojia huisha nguvu upesi, ndiyo maana hurudiwa kila wiki. Masika ya miezi mitatu ni wiki 13. Tengeni posho ya wiki ya tisa kabla ya kuagiza fulana, maana wiki mbili za mwanzo kila mtu ana bidii. Kiwanda cha dawa hiyo kipo Kibaha. Ulizeni halmashauri mapema imeagiza kiasi gani.

Zahanati nayo: vipimo vya haraka na dawa mseto vipo? Msiwahimize akina mama kuwahi kupima watoto wenye homa, kisha wakute kabati tupu.

Sasa itisheni mkutano, jioni watu wakishatoka kazini. Badala ya hotuba someni daftari, dimbwi baada ya dimbwi. Lazima atasimama mtu kusema mmeruka shimo la nyuma ya kilabu. Huyo mwandikeni kwenye orodha ya wakaguzi.