Timu yako ikipanguliwa katikati ya msimu, ifuatilie hivi

Jumapili ya tarehe 2 Februari 2025, huku kwetu saa mbili asubuhi, watu wako kwenye chai, mara simu zinaanza kulia kwamba Dallas Mavericks, timu ya NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, wamempeleka nyota wao Luka Dončić kwa Lakers, na wengi wakajua akaunti ya mwandishi aliyetoa habari hiyo imedukuliwa. Kumbe kweli. Timu yako ikikufanyia hivi usiihame, fanya haya.

Chukua karatasi uandike nani kaja, nani kaondoka, na umri wao. Dallas walipata Anthony Davis wa miaka 31, Max Christie, na chaguo moja la raundi ya kwanza la drafti ya 2029, yaani zamu ya kuchagua mchezaji chipukizi anayeingia ligi. Luka alikuwa na miaka 25 na msimu wa nyuma yake tu alikuwa kawafikisha fainali dhidi ya Boston. Ukiona hayo yamekaa pamoja utaelewa kwa nini mashabiki walibeba jeneza hadi nje ya uwanja, na mimi naona walikuwa na haki.

Halafu fuatilia majeruhi kuliko matokeo, hapa ndo watu wengi wanakosea, wanaona timu inafungwa wanasema haijitumi. Davis aliumia mechi yake ya kwanza tu, tarehe 8 Februari. Tarehe 3 Machi wanacheza na Sacramento, Kyrie Irving akaenda kufunga akaanguka, goti limeshakatika ligamenti, lakini akainuliwa akasimama kwenye mstari machozi yanamtoka akapiga mitupo yake miwili huru, yote ikaingia, ndo akatoka. Mechi hiyo itafute uitazame. Baada ya hapo Dallas ilikuwa shida hata kupata wachezaji wanane ambao ligi inawataka kila mechi, na kuongeza mtu hawawezi maana mishahara ilishagusa kikomo. Kwa hiyo soma ripoti ya majeruhi kabla hujalala, mechi za nyumbani zao kwetu ni saa kumi na nusu alfajiri, Marekani wakishasogeza saa mwezi Machi inakuwa saa tisa na nusu.

Hasira yako ipeleke kwa aliyeamua. Christie hakujiuza mwenyewe, ukimzomea unamwonea. Siku Luka aliporudi Dallas, tarehe 9 Aprili, alilia kwenye benchi wakati wanaonyesha video yake, kisha akatupia pointi 45, na watu walewale waliomshangilia wakaimba Nico Harrison, meneja mkuu, afukuzwe.

Msimamo nao usiuache hata mkiwa wa kumi kwenye kanda yenu. Wa kumi bado anacheza mchujo: Dallas wakawapiga Sacramento 120-106, wakaenda Memphis wakapigwa 120-106 hiyohiyo, wakatoka. Sasa subiri bahati nasibu ya drafti, ndo inayoamua nani anachagua chipukizi wa kwanza. Mipira ni 14, inatolewa minne, michanganyiko 1,000 inagawiwa timu kadiri zilivyofanya vibaya, Dallas walikuwa nayo 18 tu, na tarehe 12 Mei nafasi ya kwanza ikaangukia kwao.

Ile karatasi kama bado unayo, tarehe 25 Juni ongeza Cooper Flagg, chipukizi waliyemchagua, miaka 18. Tarehe 11 Novemba piga mstari juu ya jina la Harrison, kafukuzwa.