Kivinjari leo, mfumo mwisho wa wiki: kulinda faragha kwenye kompyuta ya mtumba

Kabla hujapakua chochote, jiulize unamkwepa nani. Kampuni za matangazo? Ndugu mnayetumia naye kompyuta moja? Mtoa huduma wa intaneti? Mwizi atakayeshuka na begi lako kwenye daladala? Kila mmoja ana dawa yake. Dirisha la faragha la kivinjari, kwa mfano, humzuia atakayeketi baada yako asione ulikopita, basi. Mtoa huduma bado anajua umeingia tovuti gani, na tovuti yenyewe bado inaiona anwani yako ya IP (namba inayotambulisha muunganisho wako wa intaneti).

Anza na kivinjari, maana ni kazi ya nusu saa. Chrome ni imara na husasishwa haraka, hilo halina ubishi. Shida ni kwamba mwenye nayo, Google, anaishi kwa matangazo. Kwenye simu za Android haipokei viendelezi (programu ndogo za kuongezea kwenye kivinjari), na kwenye kompyuta imekiondoa kizuia-matangazo cha uBlock Origin, ikabaki na toleo lake jepesi. Firefox inakikubali kikamilifu kwenye kompyuta na kwenye Android. Hiyo peke yake inatosha kuipa nafasi ya kwanza.

Ukishaisakinisha, fungua Settings, kisha Privacy & Security, uchague Strict. Tovuti chache zitagoma: video haitokei, au kitufe cha kuingia hakifanyi kitu. Usikimbilie kurudisha mpangilio wa zamani. Bonyeza ngao iliyo kando ya anwani, uzime ulinzi kwa tovuti hiyo moja tu. Rudi kwenye mipangilio, washa HTTPS-Only Mode kwa madirisha yote, ili kivinjari kikuonye kabla ya kufungua ukurasa usiosimbwa, yaani ambao data yake inaweza kusomwa njiani.

Kisha weka uBlock Origin kutoka addons.mozilla.org. Soma jina lote: mtunzi ni Raymond Hill, na kile kinachoitwa “uBlock” tu ni kitu kingine. Ishia hapo. Wengi hurundika viendelezi vitano sita wakidhani wanajenga ukuta, kumbe wanajichora alama. Tovuti hukutambua hata bila vidakuzi (alama ambazo tovuti huacha kwenye kivinjari), kwa kuunganisha ukubwa wa kioo, fonti, saa za eneo na vitu vingine vidogo vidogo. Kadiri kivinjari chako kinavyokuwa cha peke yake, ndivyo unavyoonekana. Ukurasa wa Cover Your Tracks wa EFF, shirika la kutetea haki za mtandaoni, utakuonyesha umesimama wapi.

Aliyezoea Chrome atajisikia nyumbani kwenye Brave, ila azime mambo yake ya zawadi na sarafu. Tor Browser, kivinjari cha kuficha ulipo, ni ya mwenye sababu nzito: ni ya polepole kwa kuwa hupitia vituo vitatu, na kinga yake huharibika ukiiongezea viendelezi au ukiingia kwenye akaunti yenye jina lako halisi. Opera Mini inaokoa bando kweli, lakini katika hali yake ya kubana zaidi, kurasa hufunguliwa na kubanwa kwenye seva za Opera kabla hazijakufikia. Usiitumie hivyo kwa benki.

Sasa mfumo endeshi. Kivinjari kizuri juu ya mfumo uliooza ni kufuli jipya kwenye mlango wa makuti. Windows 10 iliishiwa huduma ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inadai TPM 2.0 (chipu ya usalama) na, kwa Intel, prosesa ya kizazi cha 8 kwenda mbele. Mashine nyingi za mtumba za Kariakoo au Luthuli Avenue hazifiki hapo. Muuzaji akikuwekea Windows ya kukraki, kumbuka kwamba programu za kukraki mara nyingi hudai uzime kwanza kinga ya virusi. Hapo hakuna faragha ya kuzungumzia.

Kwa mashine ya RAM ya GB 4, Linux Mint, mfumo endeshi wa bure, katika toleo lake jepesi la Xfce, inafaa. Faili lake lina karibu GB 3, hivyo tafuta Wi-Fi. Hakikisha halijaharibika wala kuchezewa: kwenye Command Prompt ya Windows andika certutil -hashfile, jina la faili, kisha SHA256, ulinganishe jibu na namba iliyo kwenye tovuti ya Linux Mint. Liandike kwenye flashi ya GB 8 kwa Rufus, programu ya kutengenezea flashi ya kuwashia mashine. Flashi itafutwa yote. Zima mashine, iwashe ukibonyeza F12 kwa Dell na Lenovo nyingi, F9 kwa HP, uchague flashi.

Mint itafunguka bila kugusa diski. Jaribu sauti, kamera na Wi-Fi papo hapo. Wi-Fi ikikosekana, mara nyingi ni kadi ya Broadcom: unganisha simu kwa waya, washa kushiriki intaneti kwa USB, kisha fungua Driver Manager, usakinishe kiendeshi cha kadi hiyo.

Nakili mafaili yako kwingine kwanza, maana diski itafutwa. Wakati wa kusakinisha, kwenye Advanced features chagua LVM (njia ya kupanga diski) na utie alama kwenye kusimba (encrypt). Hii ndiyo dawa ya yule mwizi wa daladala. Ukisahau nywila hiyo, data imekwenda.

Mtego upo kwenye kibodi. Kompyuta nyingi za mtumba zimetoka Uingereza, ambako alama ya @ na ya nukuu zimebadilishana nafasi ukilinganisha na mpangilio wa Marekani. Ukichagua mpangilio usio sahihi, unachoandika si kile kilichochapwa kwenye kitufe, na kwenye kisanduku cha nywila huoni herufi. Chagua English (UK) kama kibodi ndivyo ilivyo, au tumia maneno matano sita yenye herufi na nafasi tu.

Simu isisahauliwe. Kwenye Android 12 na kuendelea, ingia Settings, Privacy, Ads, ufute kitambulisho cha matangazo. GrapheneOS, mfumo wa simu uliojengwa juu ya Android kwa ajili ya faragha, ni nzuri sana lakini ni ya simu za Pixel. Ukinunua simu ya mtumba, kabla ya kutoa pesa, angalia tarehe ya Android security update kwenye mipangilio, kisha bonyeza kutafuta masasisho. Kama tarehe ni ya miaka miwili iliyopita na hakuna kinachokuja, irudishe kaunta.