Mtoto mwenye akili na shule za bweni za New England: anza akiwa gredi ya 6

Kila mwaka ukifika Desemba simu yangu haipumziki. "Mwalimu, nimesikia mtoto wa jirani kachukuliwa shule ya bweni, hawalipi kitu. Wa kwangu naye anaongoza darasani. Nifanyeje?" Nauliza yuko gredi ya ngapi. Ya 8. Fomu nyingi za kuingia gredi ya 9 zinafungwa Januari 15, mtihani hajafanya, walimu hawajaombwa barua, na karatasi za kodi hazijulikani zilipo. Mtoto akili anazo kweli. Kilichopungua ni muda.

Naishi Manchester, jimbo la New Hampshire, katika eneo la New England, kaskazini mashariki mwa Marekani. Siku za kazi ni msaidizi wa mwalimu katika shule ya umma, na Jumamosi nafundisha hesabu na kusoma katika chumba cha chini cha kanisa. Watoto wangu wengi ni Wakongo na Warundi waliokulia kambi ya Nyarugusu. Kabla ya kuja huku nilikuwa nafundisha sekondari Kasulu, kwa hiyo shule walizotoka nazifahamu, na hizi wanazoziomba nimezifahamu kwa kuwasindikiza. Nawaandikia wazazi ambao mtoto wao yuko gredi ya 5, ya 6 au ya 7, maana hapo ndipo kazi inapofanyika.

Wazo lenyewe si langu. Mwaka 1978 mwalimu wa shule ya umma huko Bronx, Gary Simons, alianzisha Prep for Prep kwa ajili ya watoto wa New York wenye vipaji, wasio Wazungu, ambao shule binafsi zilikuwa haziwaoni. Hakuwatafutia nafasi tu akawaacha. Aliwasomesha kwanza, miezi 14: likizo ndefu mbili za kiangazi, na katikati yake jioni moja kila wiki pamoja na Jumamosi. Boston wana Steppingstone tangu 1990. A Better Chance, iliyoanzishwa 1963, inafanya kazi nchi nzima. Ndiyo iliyomtoa Deval Patrick mitaa ya South Side, Chicago, ikampeleka shule ya bweni ya Milton Academy, na baadaye akawa gavana wa Massachusetts. Ukikaa karibu na programu ya namna hii, mwombee mtoto nafasi mapema. Usipokaa karibu nayo, iga utaratibu wake. Ndivyo tunavyofanya sisi.

Kwanza tuliondoe suala la ada, kwa sababu ndilo linalowakatisha watu tamaa. Shule hizi nyingi zinatoza zaidi ya dola 60,000 kwa mwaka, na mzazi anayetandika vitanda hotelini akisikia hivyo anafunga mazungumzo. Usifunge. Phillips Exeter, ambayo kwa gari haifiki saa moja kutoka kwetu, haitozi ada familia yenye kipato cha dola 125,000 kwenda chini. Andover nayo inachagua watoto bila kuangalia mfuko wa mzazi. Shule nyingine zina fungu dogo na zikishaligawa basi, kwa hiyo omba tano au sita za aina tofauti. Usiweke moyo wako wote kwenye jina moja kubwa.

Gredi ya 6: hesabu, na Kiingereza cha kusomea

Mvulana mmoja aliletwa kwangu na karatasi ya mtihani imejaa alama nyekundu. Nilikaa naye tukaipitia mstari kwa mstari. Alikuwa amegawanya vizuri sana. Ila aliandika 3,5 kwa mkato, na Wamarekani wanaandika 3.5 kwa nukta; kigawanyo alikiweka mkono wa kulia kama alivyofundishwa kambini, ambako Wakongo wanafuata mtaala wa nyumbani kwao kwa Kifaransa; na namba 1 yake, yenye mkia mrefu juu, ilisomwa kama 7. Majibu manne aliyokosa hayakuwa makosa ya hesabu hata kidogo. Nilimfundisha maandishi ya huku kwa jioni mbili. Baada ya mwezi alihamishiwa kundi la juu.

Kwa hiyo jambo la kwanza, chukua daftari la mwanao ulitazame kwa njia hiyo. Je, amekosa kufikiri, au ameandika kwa desturi ya kwingine? Kisha mzoeze vipimo vya huku: inchi, futi, maili, paundi, joto la Fahrenheit, sarafu za senti 25 na za senti 10. Maswali ya mafumbo yamejaa vitu hivyo, na mtoto aliyekulia kilo na mita anapoteza dakika akijiuliza futi ina inchi ngapi. Ni 12, na iwe kichwani kabla hajaingia gredi ya 7.

Jambo la pili ni aljebra. Nenda shuleni uulize waziwazi: "Mtoto wangu atasoma aljebra gredi ya 8?" Anayeianza hapo anaweza kufika kalkulasi gredi ya 12, na vyuo vikubwa vinaitazama sana. Anayechelewa hupanda ngazi hiyo kwa shida. Mara nyingi watoto wetu huwekwa hesabu za chini kwa sababu ya Kiingereza, si kwa sababu ya hesabu. Hapa New Hampshire mtoto anayejifunza Kiingereza hufanya mtihani wa ACCESS kila majira ya baridi. Omba uone matokeo, ueleweshwe kila alama, na uulize anahitaji nini ili atoke kwenye kundi hilo. Ukienda, dai mkalimani. Sheria inaitaka shule ikupatie bila malipo. Usimtume mtoto akutafsirie kikao kinachomhusu yeye mwenyewe, na wala si haki kumbebesha.

Kusoma hakuna njia ya mkato. Nataka kila mtoto asome kitabu chake nusu saa kila siku, na Jumamosi aniambie kwa mdomo alichosoma. Lugha yoyote aliyonayo iendelee. Waliosoma Kifaransa kambini wanatambua maneno mengi magumu ya Kiingereza cha vitabuni haraka kuliko wenzao waliozaliwa hapa, na nawaambia hivyo, maana wengi wamefika wakidhani walichosoma kule hakina thamani.

Gredi ya 7: mtihani

Shule nyingi za bweni hupokea mtihani wa kuingilia uitwao SSAT, au mwingine uitwao ISEE; baadhi hazilazimishi, kwa hiyo uliza kila shule. SSAT ina sehemu mbili za hesabu bila kikokotoo, sehemu ya kusoma, sehemu ya maneno, na insha ya dakika 25 ambayo haipewi alama ila inatumwa kwenye shule ulizochagua. Kikokotoo kutokuwepo ni faida yetu. Watoto waliosoma kambini wamezoea kukokotoa kichwani.

Wanapokwama ni kwenye maneno, hasa maswali ya uhusiano wa jozi mbili. Mimi huanza nayo kwa Kiswahili. Nyundo na seremala, jembe na nani? Wanajibu kabla sijamaliza. Kisha nawataka waniambie uhusiano wenyewe kwa sentensi kamili: chombo na mtu anayekitumia. Wakishajua kutunga hiyo sentensi, tunahamia Kiingereza, na tatizo linabaki kuwa msamiati tu, ambao unajazwa kwa kusoma.

Mfundishe pia namna alama zinavyohesabiwa. Kwenye SSAT jibu sahihi ni alama moja, jibu baya linakata robo, na swali lililoachwa wazi halikati kitu. Majibu ni matano kwa kila swali. Akiweza kuondoa hata moja au mawili kwa uhakika, abahatishe kati ya yaliyobaki. Asipoelewa kabisa, aruke. ISEE haikati alama, kwa hiyo huko asiache swali lolote. Na kabla hujatoa pesa ya mtihani, iandikie ofisi ya udahili ya shule mnayoomba au programu inayowasaidia, uulize msamaha wa ada ya mtihani. Upo.

Kuongea

Hapa nakaa zaidi kuliko kwenye mtihani, kwa sababu hapa ndipo nimeona watoto bora wakipotea.

Exeter wana meza za duara dufu, watoto kama kumi na wawili na mwalimu mmoja, na somo lote ni mazungumzo. Utaratibu huo ulitokana na fedha alizotoa Edward Harkness mwaka 1930, na leo shule nyingi zimeuiga. Mtoto wetu amelelewa anyamaze mkubwa akiongea, atazame chini akiulizwa, ajibu kwa ufupi. Ni adabu njema na sitaki aiache nyumbani. Lakini kwenye usaili msaili anaona mtoto asiyependa shule.

Tulikuwa na binti wa miaka 13. Nikamuuliza, kama watakavyomuuliza, "Shuleni mkitoka unafanya nini?" Akasema, "Hakuna." Kwa hakika binti yule alikuwa anawachukua wadogo zake watatu kwenye basi, anapika, anawasimamia kazi za shule, na ndiye anayesoma barua zote za nyumba hiyo, maana mama yuko zamu ya jioni katika nyumba ya wazee. Nilimwambia: "Mama, hiyo ni kazi. Iseme." Hakuamini kwamba Wazungu wanataka kusikia habari za kupika ugali. Tulirudia mpaka akaweza kusimulia siku moja tangu basi linaposimama hadi wadogo wanapolala, akinitazama usoni. Fomu zina sehemu ya shughuli za mtoto, na kulea wadogo kunaandikwa pale pamoja na saa kwa wiki, kama vile wengine wanavyoandika kupiga piano.

Katika mazoezi yetu kila mtoto lazima amuulize mwenzake swali moja kuhusu alichosema. Si kujibu tu, kuuliza. Wiki za mwanzo ni kimya kitupu, na mwalimu asikimbilie kukijaza.

Mzazi naye huitwa kwenye usaili. Nenda na mkalimani, vaa kawaida yako ya kwenda kanisani au msikitini, na uulize unalotaka kujua kwa dhati. Baba mmoja aliuliza, "Mtoto akiumwa saa nane ya usiku, nani anaamka?" Yule msaili alieleza kwa muda mrefu, na nadhani alimwelewa yule baba kuliko ambavyo insha yoyote ingeeleza. Insha ya mzazi isikutishe. Isimulie kwa Kiswahili, mtu akuandikie, kisha akusomee ulichosema bila kukipamba.

Karatasi

Tafuta nyaraka hizi mwezi Septemba wa gredi ya 8: ripoti za shule, I-94 (karatasi ya uhamiaji ya kuingia nchini), fomu za kodi, na W-2 (karatasi ya mwajiri ya mshahara na kodi ya mwaka) za kila kazi, hata ile uliyofanya miezi miwili kupitia wakala. Fomu ya msaada wa ada inajazwa kando na fomu ya shule na ina tarehe yake ya mwisho. Pesa unazotuma Kigoma au Uvira kila mwezi, huenda usione kwenye fomu mahali pa kuziweka. Andika barua, taja kiasi na unaowatunza, ambatisha risiti.

Wengi wetu tumeandikishwa kuwa tulizaliwa Januari 1. Ikiwa umri wa karatasi haulingani na mtoto, usibahatishe kubadili chochote kwenye fomu; acha ilingane na nyaraka za uhamiaji, na ueleze kwenye barua. Na kama anaomba akiwa tayari gredi ya 9, shule ikipendekeza airudie, si aibu. Nyumbani kukariri darasa ni kushindwa, lakini kwenye shule za bweni ni jambo la kawaida, na mtoto aliyefika nchini akiwa na miaka 11 mara nyingi anauhitaji mwaka huo.

Barua za majibu hutoka Machi 10, na unatakiwa kujibu kufikia Aprili 10. Mwezi huo uutumie kuuliza maswali ya pesa: vitabu, kompyuta, nauli za likizo, koti la baridi, kufua, bima. Bima ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo, ni ya jimbo lako. Mtoto akienda kusoma jimbo jingine inaweza isimfuate isipokuwa kwa dharura, na bima ya shule inauzwa ghali. Waulize kama msaada wao unaigharamia, na wakujibu kwa maandishi.

Wapo wazazi wanaoniambia, "Mwalimu, wakimchukua atatusahau." Siwapingi kwa maneno matupu. Nawaambia wapange siku ya simu kila wiki na waende siku ya wazazi hata kama Kiingereza hawakijui. Mtoto anayeona baba yake amekaa nyuma ya darasa hana sababu ya kuficha anakotoka.

Chuo

Mtoto akishaingia, kazi haiishi. Mwaka 2023 Mahakama Kuu ya Marekani ilizuia vyuo kuchagua wanafunzi kwa kuangalia rangi yao, lakini mwanafunzi bado anaruhusiwa kuandika jinsi maisha yake, pamoja na rangi yake, yalivyomjenga. Kwa hiyo insha ina uzito zaidi, na yule binti aliyefundishwa kusimulia siku yake akiwa na miaka 13 anajua pa kuanzia.

Asiyepata shule ya bweni hajapotea. QuestBridge, programu inayowaunganisha watoto wa kipato kidogo na vyuo vikubwa, hupokea maombi ya gredi ya 12 mpaka mwishoni mwa Septemba, na majibu hutoka Desemba 1 kwa ufadhili kamili wa miaka minne. Kwa Posse, programu nyingine ya ufadhili wa chuo, katika miji inakofanya kazi, mwanafunzi hupendekezwa na shule, basi mwone mshauri wa shule mwishoni mwa gredi ya 11 umwambie unataka jina la mwanao liende. Chuo cha Bowdoin, huko Maine, hakijalazimisha alama za SAT (mtihani wa kuombea chuo) tangu 1969 na msaada wake wa ada hauna mikopo. CSS Profile, fomu ya kuombea msaada wa ada kwenye vyuo vingi, hailipiwi na familia yenye kipato cha hadi dola 100,000. Zile nyaraka za gredi ya 8 ndizo zitakazotakiwa tena, mpya za kila mwaka, kwa hiyo liweke faili moja pale ambapo hata mtoto mdogo anajua lilipo.